Mtu anatambuaje hatari za kazini mahali ambapo kila mtu ameshazoea?

KaraniWaKeko

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni karani kwenye karakana ya fanicha hapa Keko, Dar. Kazi yangu ni risiti, kununua LUKU, daftari la oda na kumpigia simu mteja aliyelipa nusu akapotea. Wiki iliyopita bosi, ambaye pia ni mjomba wangu, kaniita akasema anataka kusajili karakana OSHA, wale wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa hiyo "wewe uliyesoma" kaa chini uandike vihatarishi vya hapa. Nikamuuliza, vyote? Akasema vyote, lakini visizidi ukurasa mmoja.

Nimekaa na kalamu siku mbili. Nilichopata ni hiki: moto, umeme, misumari chini, mashine ya kuchania mbao, vumbi, kelele. Nikamsomea fundi mkuu. Alicheka mpaka akaegemea meza. "Msumeno unakata, umeme unapiga. Hayo hata mtoto wa chekechea angekuandikia."

Tuko watu 11 kwenye banda la bati. Kuna mashine kubwa ya kuchania yenye mota ya fezi tatu, randa ya umeme, mashine ya kutobolea, na kompresa ya kupulizia vanishi. Vanishi inapigwa nyuma, kwenye uchochoro kati yetu na ukuta wa jirani, na uchochoro huo unatokea mlangoni ambapo mama lishe anapika. Miaka mitatu niliyokaa hapa hajafa mtu. Ila mwezi wa pili fundi mmoja alirushiwa kipande cha mbao tumboni, akaenda kukaa nje dakika kumi, akarudi kazini. Mwingine ukimwita kutoka nyuma hageuki. Na mimi mwenyewe, ambaye sishiki hata msasa, siku wakichana mninga nikipenga kamasi jioni linatoka la rangi ya matofali.

Sijui kama hayo ni vihatarishi au ndiyo kazi yenyewe. Nisaidieni, ni wapi pa kuanzia?

---

Mtaalamu_wa_Chapchap

Nunua helmeti mbili na bango la USALAMA KWANZA. Mkaguzi akija zivaeni, akiondoka zirudi stoo. Imeisha hiyo.

---

VidoleVinane

Marahaba binti yangu. Huyo wa helmeti msamehe, kwenye karakana ya mbao kitu hakikuangukii kichwani mara nyingi, kinakufuata tumboni kama kilivyomfuata mwenzenu.

Nimekuwa seremala miaka 34, na jina ninalotumia humu si utani. Viwili vya mkono wa kushoto vilibaki kwenye karakana moja Tanga, mwaka 2006, mwaka wa mgao wa umeme. Nilikuwa nachana mtiki. Umeme ukakatika, diski ikazunguka, ikazunguka, ikalala. Swichi sikuizima. Kwa nini nizime kitu kilichokwisha kufa? Kuna kipande kilikuwa kimekwama kati ya diski na meza, nikaingiza mkono kukitoa huku nabishana na mwenzangu habari za Coastal Union. Umeme ukarudi. Maumivu hayakuja kwanza. Nilichosikia kwanza ni mlio wa mashine kubadilika.

Sasa fikiria siku ile ungekuja na karatasi yako imeandikwa "msumeno unakata". Ungekuwa umeandika kweli tupu, na usingeniokoa hata ukucha. Kilichonikata ni swichi inayobaki imewashwa umeme ukirudi, katika nchi ambayo umeme unakatika na kurudi unavyotaka. Kuna swichi za mashine ambazo umeme ukienda zinajiangusha zenyewe, na mashine haiwaki tena mpaka mtu abonyeze kwa mkono wake. Kwenye mashine yetu ile ya Tanga haikuwepo, na hakuna aliyeona kwamba haikuwepo, kwa sababu jicho halioni kitu ambacho hakipo. Nenda kesho kaangalie ya mjomba wako. Zima meinswichi mashine ikiwa inazunguka bila mbao, watu wote wakiwa mbali, kisha rudisha. Ikiwaka yenyewe, umepata mstari wa kwanza wa ukurasa wako.

Ndiyo maana nakwambia, usiandike jina la kitu. Andika kisa chake: nani, anafanya nini, na kitamfikaje. "Umeme" si kihatarishi, ni neno tu. "Waya wa randa umepita sakafuni chini ya mbao zinazoburutwa, ganda limechubuka karibu na plagi, na dogo anayefagia anaushika akiwa na ndala zilizolowa", hicho ndicho kihatarishi. Ukikiandika hivyo, dawa yake nayo inajionyesha.

Jinsi ya kuvipata: ifuate mbao. Chagua mbao moja tangu inashushwa kwenye lori mpaka inatoka imekuwa kitanda, uende nayo. Inaposhushwa, nani anabeba, anabeba ngapi, anapita wapi? Inaposimamishwa ukutani, imeegemea nini, na watoto wa mtaani wanachezea wapi? Nimeona rundo la mbao za mkongo likimlalia mtu mguu, na mkongo si mzaha kwa uzito. Halafu kwenye mashine. Halafu kwenye randa. Kila kituo kaa robo saa bila kusema neno. Na usiende Jumatatu asubuhi wakati kila mtu ana adabu. Nenda Jumamosi saa kumi, mteja yuko mlangoni na kitanda chake hakijapigwa vanishi. Hapo ndipo utaona karakana ya kweli.

Tazama mabaki pia, yanasema kuliko watu. Kinga ya msumeno iko wapi? Naweka dau haiko kwenye msumeno. Soketi gani imeungua ikawa nyeusi? Mkanda wa mota uko wazi? Ukutani nyuma ya mwendesha mashine kuna alama za kugongwa? Kama zipo, hizo ni mbao zilizorushwa zikamkosa.

Na tuje kwa huyo aliyepigwa tumboni, maana naona umempitia haraka. Meno ya mbele ya diski yanashuka, ya nyuma yanapanda. Mbao ikijifunga ikabana meno ya nyuma, au ikibanwa kati ya diski na kile kibao cha pembeni cha kupimia, diski inainyanyua na kukurushia kwa mwendo wake wote. Inatokea sana mbao ikiwa mbichi, au imepinda, au kibao cha pembeni hakiko sambamba na diski, au wametoa kile kibati kinachosimama nyuma ya diski kuizuia mbao isijifunge. Mafundi wanakitoa kwa sababu "kinasumbua". Mwenzenu alirudi kazini baada ya dakika kumi, na mnahesabu kwamba hakuna kilichotokea. Kingekuwa kipande kirefu chenye ncha, leo ungekuwa unauliza mambo mengine. Ajali iliyokukosa ni barua, isome. Muulize: ilikuwa mbao gani, alisimama wapi, nani aliseti mashine? Anayechana asisimame kwenye mstari wa diski, asimame pembeni. Kipande cha mwisho asisukume kwa mkono, asukume kwa kijiti chenye pengo mwishoni. Kijiti hicho kinatengenezwa kwa masalia dakika tano, hakuna sababu ya mjomba kulia gharama.

Nimeandika sana, mke wangu anasema nalipwa kwa neno.

---

MuuguziWaZamu

Dada, mimi siijui mashine, najua wanaokuja nayo.

Hiyo kamasi ya rangi ya matofali usiicheke. Vumbi la mbao liko kwenye kundi la vitu ambavyo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limekubali kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mashimo yaliyo pembeni ya pua. Inachukua miaka mingi, kwa hiyo hakuna anayeihusisha na karakana. Kinachokuja mapema ni pumu, mafua yasiyokwisha na ngozi kuwasha. Mvule unajulikana kwa hilo, na hata mtiki kuna watu unawatoa vipele. Zile mbao za MDF, za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, nazo vumbi lake ni laini mno, na gundi yake ina kemikali kali iitwayo fomaldehidi.

Kipimo ambacho hakihitaji hospitali: muulize kila fundi kikohozi chake kikoje Jumapili na kikoje Jumatano. Kikipungua akiwa nyumbani na kurudi akirudi kazini, jibu mnalo, mpelekeni akaonwe. Na mwambie yule anayefagia apunguze kufagia vumbi kavu, anyunyize maji kidogo kwanza. Wengine wanajipuliza nguo kwa kompresa jioni. Hapana kabisa. Hewa ile inaweza kurusha chembe jichoni, na ikipata kidonda inaweza kuingia mwilini.

Huyo asiyegeuka ukimwita, masikio yake yameshaanza kwenda, na hayarudi. Kama mtu aliye umbali wa mkono inabidi umpazie sauti ndipo akusikie, kelele imeshafika karibu desibeli 85, ambazo mtu anaweza kukaa nazo saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unagawanywa nusu. Kwenye desibeli 100, na misumeno mingi inafika huko, umebaki na robo saa. Vizibo vya masikio bei yake ni ndogo.

Sasa naomba uende ukatafute kitu kimoja: tina yenu, ile ya kuchanganyia vanishi, inakaa kwenye chombo gani? Kama ni chupa ya maji ya kunywa, ihamishe leo usiku. Nimeshapokea mtoto aliyekunywa. Sisemi zaidi.

Na kwa kuwa tuko kwenye msumeno: kidole kikikatika, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu. Msiweke majani ya chai, msiweke dizeli. Kidole chenyewe kifungeni kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko ndio uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kidole kisiguse barafu moja kwa moja. Wanakileta kimegandishwa kama samaki, na hapo hata daktari hana la kufanya.

---

StimaNaNyaya

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nitasema la stima tu.

Hiyo mota ya fezi tatu, angalia kama mwili wa mashine una waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, na kama umeunganishwa kweli ama umening'inia tu. Mashine bila waya wa ardhi itafanya kazi vizuri kabisa miaka kumi. Siku waya wenye stima ukigusa chuma ndani, chuma chote kinakuwa na stima, na anayekiegemea ndiye anakuwa njia ya kwenda ardhini. Ndio maana watu husema "mashine inanitekenya". Fundi akikwambia randa yamtekenya siku za mvua, usicheke naye. Zima, ita fundi wa stima.

Pili, huo uchochoro wenu wa vanishi umenitia baridi. Mvuke wa tina hushika moto, tena ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji yatafutayo mteremko. Uchochoro ni mfereji, na mwisho wa mfereji kuna jiko la mama lishe. Waliopuliza vanishi hawatauona ukienda. Swichi ya kompresa nayo hutoa cheche, isikae hapo hapo mnapopulizia.

---

Mtaalamu_wa_Chapchap

Sawa jamani nimekubali, helmeti nazitoa kwenye hoja. Ila niwaulize wazee, mafundi wenyewe wakikataa? Hapa kwetu Mwanza tulinunua barakoa boksi zima, wanazivalia kidevuni.

---

VidoleVinane

Hapo umeuliza swali la mtu mzima. Barakoa ni ya mwisho, si ya kwanza. Kwanza ondoa kitu. Usipoweza, kibadilishe, au kiwekee ukuta kati yake na mtu. Halafu panga kazi upya, anayechana asiwe ndani ya banda moja na watu watano wanaopiga msasa. Ukishafanya hayo yote na vumbi bado lipo, ndipo unamvisha mtu barakoa, tena ile inayobana uso na kuchuja vumbi laini, N95 au FFP2, si kile kitambaa cha wakati wa korona. Bosi anayeanzia na barakoa anawaambia mafundi: hatari yangu siigusi, wewe ndiye ujizibe. Wanamwelewa vizuri, ndiyo maana wanaivalia kidevuni.

---

KaraniWaKeko

Nimerudi wakuu. Jana Jumamosi nilifuata mbao ya mninga kama mzee alivyosema, nikiwa na daftari na kiti cha plastiki. Mafundi walinitania nusu saa ya kwanza, baadaye wakanisahau.

Mzee ungeweka dau ungekula. Kinga ya msumeno ipo, imetundikwa ukutani kwa msumari na juu yake wametundika kalenda ya 2019. Kibati cha nyuma hakuna anayejua kilipo. Tulijaribu meinswichi: umeme uliporudi mashine iliwaka yenyewe. Fundi mkuu, yule aliyecheka, alinyamaza kidogo, akasema ameshaitumia miaka sita na siku zote anaingiza mkono umeme ukikatika. Hakusema kingine, ila alienda kuizima swichi mwenyewe na kuangalia mara mbili.

Ukutani nyuma ya anaposimama mwendesha mashine kuna mashimo saba kwenye bati. Nilikuwa nadhani ni kutu.

Dada muuguzi, tina ilikuwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ilikuwa chini ya meza yangu mimi mwenyewe, pembeni ya chupa yangu ya kunywa. Mikono imenitetemeka. Nimeimimina kwenye dumu la chuma lenye mfuniko na kuliandika pande zote mbili.

La mwisho hamkulisema. Mama lishe anapikia masalia ya mbao zetu, anapewa bure. Nikaona vingine vina rangi ya kijani, vile vya mbao za paa zilizotiwa dawa. Vina shida?

Bosi naye keshachangamka. Kanunua glovu jozi 12 na anataka kila mtu avae kuanzia Jumatatu.

---

MuuguziWaZamu

Vina shida sana. Dawa hiyo ya kijani mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki, ambayo ni sumu. Ikichomwa, arseniki inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, na chakula kiko juu yake. Asipikie hivyo, na majivu asisugulie sufuria. Mpeni vya paini isiyo na dawa, mtengee kabisa fungu lake. Na jiko lihame, StimaNaNyaya keshasema kwa nini.

---

VidoleVinane

Glovu. Mjomba ana moyo mzuri, ila mwambie hivi kabla ya Jumatatu: za kubebea na kushushia mbao, sawa. Mtu akisogelea msumeno, randa au mashine ya kutobolea, azivue. Kitu kinachozunguka kikikamata uzi mmoja wa glovu, kinavuta glovu pamoja na mkono uliomo. Mkono mtupu unakatwa, mkono wenye glovu unamezwa. Hivyo hivyo mikono mirefu ya shati, cheni shingoni, na wewe binti ukipita hapo mtandio uufunge.

Halafu muulize jambo moja ambalo si la mashine: anawachangia mafundi WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi? Mimi nilipoumia mfuko huo haukuwepo, sheria yake ilikuja 2008 na michango ikaanza kukusanywa 2015. Bosi wangu wa wakati ule alinipa nauli na mchele kilo kumi. Siku hizi mtu akiumia kazini kuna pa kwenda, lakini mwajiri anatakiwa awe amejisajili, na ajali iwe imeandikwa na kuripotiwa mapema. Anza daftari la ajali kesho, na mstari wa kwanza uwe wa yule wa tumboni, mwezi wa pili. Muulize tarehe, ataikumbuka.

---

KaraniWaKeko

Anaikumbuka mzee. Tarehe 14, saa tano asubuhi, mbao mbichi ya paini ya Mafinga. Alinionyesha na kovu. Sikujua kama kulikuwa na kovu.

Swichi ile inayojiangusha fundi umeme amesema anaipata Kariakoo, mjomba ametoa hela leo baada ya kunung'unika. WCF amesema "tutaongea". Mama lishe amekubali kuhamia upande wa barabara, ila anauliza turubai lake nani atalipa. Na ukurasa umejaa mbele na nyuma. Mjomba kaugeuza, akauliza hii si kurasa mbili? Nikamwambia karatasi ni moja.